Tuzo ya Maiti wa Kwanza

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani. Wewe msomaji ukidhani umeitambua, basi umeitambua peke yako, mimi simo. Wenyewe tunaiita Jamhuri Tulivu. Ni tulivu kwa mujibu wa sheria. Anayepiga kelele anatulizwa, na waliokwisha kutulizwa hatujapokea lalamiko lao hata moja.

Mimi naitwa Zuberi, mtumishi wa Wizara ya Utulivu na Burudani, Mkaguzi wa Hisia daraja la tatu. Kazi yangu ni kukaa ndani ya Sinema ya Taifa na kurunzi na fomu, nikimulika nyuso za watazamaji na kuhesabu. Fomu ina safu nne: waliocheka, waliopiga makofi, walioogopa na waliolia. Safu ya waliochoka haipo, kwa sababu Wizara ilifanya utafiti ikagundua kwamba wananchi hawachoki. Kupiga miayo kunaruhusiwa, ilimradi mdomo uwe umefungwa.

Nakueleza haya ili ujue kwamba sikuhadithiwa. Nilikuwapo, tena nilihesabu.

*

Wakati huo huko Kaskazini kulikuwa na Zoezi la Utulivu. Wasio na shukrani waliliita vita. Zoezi lilikuwa na vifaru, ndege na vijiji vinavyoungua, lakini vita halikuwa, maana vita hutangazwa na Rais, na Rais alikuwa hajatangaza kitu. Alikuwa na mafua.

Tatizo lilikuwa akina mama. Mama hana adabu ya kiserikali. Mtoto wake akikaa miezi mitatu bila kurudi, anaanza kuuliza. Walikuja wizarani wakakaa kwenye ngazi, wakauliza wanangu wako wapi, wote kwa pamoja, mpaka makarani wakashindwa kusikiliza mpira redioni. Baraza la Mawaziri likakutana siku mbili, likala mbuzi saba, likatoka na jibu. Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Pazi Mlekwa, akalisoma mwenyewe redioni.

"Ndugu wananchi, Kaskazini hakuna vita. Kuna zimwi. Ni zimwi la asili, lilikuwapo kabla serikali hii haijaingia madarakani. Linakula watu, hilo hatukatai, sisi ni serikali ya ukweli. Lakini msiwe na hofu. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na zimwi hili, ndugu zangu, linatujua."

Mimi nilifarijika. Akina mama, kwa ubishi wao, wakasema: kama ni zimwi, tulione. Wizara ikatuma wapiga picha. Zimwi halikupatikana, kwa hiyo ikaamuliwa itengenezwe filamu.

*

Kazi ya kuiongoza alipewa Kanali Bakunja wa ghala la jeshi. Aliteuliwa kwa sababu ameona filamu nyingi kuliko ofisa yeyote, nyingine mpaka mwisho.

Zimwi lilishonwa kwa mablanketi ya kijivu yaliyoletwa kuwa msaada kwa wakimbizi. Likawekwa pembe za ng'ombe na macho ya taa za pikipiki. Ndani waliingia askari wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na hao wawili walikuwa na ugomvi wao wa siku nyingi, hivyo zimwi lilikuwa likienda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Mablanketi yaliishia magotini. Kuanzia magotini kwenda chini, zimwi lilivaa buti za jeshi.

"Afande, watu wataziona hizo buti," nilisema kwa unyenyekevu.

"Unataka zimwi la taifa litembee pekupeku?" Kanali akaniuliza. "Tutaonekanaje huko nje?"

Afande akikuuliza swali, jibu huwa analo yeye.

Taabu kubwa ilikuwa maiti. Waliletwa wanakijiji sitini walale chini wajifanye wameliwa. Wakalala, lakini vibaya. Huyu anapiga chafya, yule anafukuza nzi, na mzee mmoja aliyeuawa mwanzoni kabisa akainuka katikati ya maangamizi kuuliza kama wali umeiva. Kanali akaitupa kofia yake chini.

"Watu wa nchi hii hata kufa hawajui!"

Akampigia simu ofisa mwenzake wa Kaskazini, akamwomba picha za kijiji kilicholiwa na zimwi. Kwa bahati nzuri mwenzake alikuwa ametoka kukimaliza kimoja asubuhi ileile. Mkanda ukaletwa kwa ndege ya jeshi. Ulikuwa wa dakika nne, na ndani yake hakuna aliyepiga chafya.

*

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa, kwa kuwa milango ilifungwa kwa nje.

Nitasema kweli: filamu ilikuwa mbovu. Kanali alikuwa amesikia kwamba filamu za kutisha huwa za giza, basi akazima taa. Kwa saa nzima hatukuona kitu. Tulisikia watu wakihema, na mara moja sauti ikisema, "Umenikanyaga, mjinga wewe." Taa zilipowashwa, zimwi likatokea, likaenda mbele, likarudi nyuma, likanguruma kwa sauti ya pikipiki. Watu waliziangalia buti. Hakuna aliyecheka, waliziangalia buti tu. Baadaye wakaanza kulala. Waziri ndiye aliyetangulia kukoroma, nasi kwa heshima tukamfuata. Safu ya walioogopa niliandika mmoja, naye aliogopa kurunzi yangu.

Ndipo zikaja zile dakika nne.

Sijui watu waliamkaje, maana hazina sauti. Kulikuwa na moshi mwembamba, na kisima, na ukuta wa ghala la mtama. Chini ya ukuta watu wamelazwa kwa mstari. Mpiga picha alikuwa akitembea taratibu, kama anayekagua gwaride. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa kijana aliyelala chali, macho wazi, anatutazama. Alivaa shati la bluu lenye mfuko wa kitambaa kingine cha maua, na mfuko uko upande wa kulia. Nzi alitua kwenye jicho lake akatembea. Kijana hakupepesa.

Kisha zimwi likarudi na buti zake, na watu wakalala tena.

Magazeti yaliisifu filamu kwa wiki nzima. Moja tu liliandika kwamba watazamaji wamevunjika moyo, na mhariri wake akatulizwa. Pamoja na sifa zote hizo, mwezi haujaisha nikajikuta nakagua hisia za viti.

*

Jumanne moja, onyesho la saa tisa alasiri, aliingia mama mmoja peke yake. Jina lake Bi Mashavu, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya soko. Alikuja kwa kuwa aliambiwa ataliona zimwi lililomla mwanawe. Alikaa kwa adabu, akavumilia giza, akavumilia pikipiki. Zilipoanza dakika nne akasimama.

"Simamisheni! Simamisheni hiyo! Mwanangu huyo! Sudi!"

Nikammulika. "Shikamoo mama. Tafadhali kaa. Fomu haina safu ya kusimama."

"Shati hilo nimelishona mimi!" Alikuwa ameshanishika mkono, kurunzi ikamulika dari. "Mfuko nimeuweka kulia kwa sababu Sudi anatumia mkono wa kushoto. Kitambaa kiliniishia, nikakata pazia langu la jikoni. Nani mwingine ana pazia langu, mwanangu? Niambie, nani?"

Huyo Sudi alikuwa fundi redio. Wizara yetu ndiyo iliyompeleka Kaskazini, kutengeneza redio za vijiji ili wananchi wa huko wasikie kwamba hakuna vita.

Nilimpeleka kwa Waziri, kama utaratibu unavyotaka. Mheshimiwa alimpokea vizuri, akamwagizia soda.

"Mama, hongera," alisema. "Umezaa mwigizaji."

"Mwanangu ni fundi redio."

"Ndivyo vipaji vinavyojificha."

"Baba, mimi sikuja kubishana. Kama ni mwigizaji, basi yuko hai. Niitieni nimwone."

"Haiwezekani, yuko kazini."

"Basi kama amekufa, nipeni maiti yake nizike."

Waziri akacheka kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Mwigizaji hafi, mama. Anacheza. Nikikupa ukamzike mtu anayecheza, si nitakuwa nimeua? Serikali hii haiui."

Bi Mashavu akaiangalia soda. "Kwa hiyo akiwa hai simwoni, na akiwa amekufa simziki."

"Umeelewa haraka," Waziri akasema, akaniambia niandike.

Akaandikiwa cheti chenye mhuri: *Sudi, mwigizaji, nafasi ya Maiti wa Kwanza.* Alipofika mlangoni aligeuka akauliza kama kwenye hicho cheti imeandikwa mahali alipo. Haikuandikwa. Fomu ya waigizaji haina safu ya mahali.

*

Kama yangeishia hapo, Wizara ingekuwa imemaliza. Lakini Wizara ilikuwa na filamu isiyo na watazamaji na ilihitaji sherehe. Ukaandaliwa usiku wa tuzo. Majaji, ambao ni maofisa watatu na shemeji wa Waziri, wakampa Sudi tuzo ya Mwigizaji Bora.

"Kwa dakika nne," alisoma shemeji, "hakupepesa macho hata mara moja. Hakumwonea haya nzi. Nidhamu ya namna hii vijana wetu wangekuwa nayo, tungekuwa mbali."

Bi Mashavu akaitwa jukwaani kuipokea kwa niaba yake. Tuzo yenyewe ilikuwa zimwi dogo la mti, limechongwa vizuri pamoja na buti. Akaipakata kama mtoto mchanga, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mmesema mwanangu kafanya kazi vizuri. Ahsanteni. Namwomba sasa aliyempiga picha asimame, aniambie pale ni wapi. Sitaki kesi. Mtu hakufunikwa uso, nataka tu nikamfunike."

Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Ukumbi mzima ukasimama, na hivyo haikujulikana nani amesimama kwa ajili ya swali na nani kwa ajili ya wimbo. Kanali Bakunja alisimama wa kwanza. Nilimwona akiangalia viatu vyake.

*

Kwetu matanga hayawekwi hewani. Msiba unakaa alipo maiti. Wanamtaa wa nyuma ya soko walikaa wakashauriana: nyumbani kwa Bi Mashavu maiti hayupo, makaburini hayupo, Kaskazini haifikiki. Akasema jirani yake mmoja, mwuza mkaa, "Mbona anajulikana alipo? Yuko Sinema ya Taifa, saa tisa alasiri kila siku."

Wakaja na mikeka. Wakaja na chetezo cha ubani na mabirika ya kahawa, wakakata tiketi kama watu wengine, wakaketi chini mbele ya viti. Giza la Kanali liliwafaa kwa dua. Zilipofika dakika nne wakasimama wakalia, wakamuaga Sudi kwa jina. Zilipokwisha wakakunja mikeka wakaondoka. Zimwi lilibaki likinguruma na mimi.

Kesho yake wakaja wengine. Habari ilikuwa imeenea kwamba katika ule mstari, baada ya kijana wa shati la bluu, wapo kumi na wanane. Mama mmoja alimtambua wa saba kwa kovu la goti. Mzee mmoja alimtambua wa kumi na moja kwa mkanda wa suruali aliomwazima yeye mwenyewe. Wasiomtambua mtu walikuja vilevile, wakachagua mmoja ambaye hana mwenyewe, wakamlilia huyo. Wiki ya pili watu walikaa mpaka kwenye ngazi. Kurunzi yangu ilimaliza betri mara tatu.

Siku moja Bi Mashavu alinikaribisha kahawa kabla taa hazijazimwa.

"Zuberi mwanangu, wewe hiyo picha umeiona mara ngapi?"

"Mara arobaini na sita, mama."

"Katika hizo zote, hujaona hata mara moja mtu akija kumfunika?"

Nilijua filamu haibadiliki. Ajabu ni kwamba nilifikiri kwanza kabla ya kumjibu. "Hapana, mama. Hata mara moja."

"Mimi kila siku nasema labda leo," akasema, akanimiminia kahawa nyingine.

Siku hiyo nilijaza fomu kama sheria inavyotaka. Waliocheka, hakuna. Waliopiga makofi, hakuna. Walioogopa, hakuna. Waliolia, mia nne na kumi na wawili. Nikaipeleka wizarani. Naomba jambo hili lieleweke: mimi ndiye niliyeipeleka, kwa mikono yangu, tena nikisubiri kusifiwa.

*

Nilisifiwa. Waziri aliisoma namba hiyo mara mbili, akaondoka kwenye kiti.

"Mia nne na kumi na wawili! Zuberi, hata Rais hajawahi kuliliwa hivi! Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Hii ni harusi! Na wanaondoka wakati gani?"

"Baada ya dakika nne, Mheshimiwa."

"Maana yake?"

"Nafikiri hawalipendi zimwi, Mheshimiwa."

Akatafakari. Waziri wetu ni msomi. "Basi wananchi wamesema, na serikali sikivu inasikia. Tutatengeneza Sehemu ya Pili. Zimwi tutalipunguza. Dakika nne tutazifanya saa mbili."

Kanali akaitwa. Akapiga hesabu: ikiwa watu kumi na tisa ni dakika nne, saa mbili zinahitaji zaidi ya watu mia tano. Akampigia simu mwenzake wa Kaskazini. Mwenzake akasema vijiji viwili vinatosha, vitatu kwa usalama.

Ilibaki nafasi moja. Kanali alitaka awepo Mama wa Maiti, mwanamke anayejua kulia bila kufundishwa. Waziri akanituma nimpelekee Bi Mashavu barua ya uteuzi. Nilimkuta cherehanini. Nikamsomea.

"Watanipeleka palepale?" akauliza. "Kwenye ule ukuta wa ghala?"

"Imeandikwa hapa: mandhari ni yaleyale."

Alicheka. Tangu nimjue sikuwa nimeona meno yake. Akanifukuza kwenye kigoda nilichokalia, kwa sababu chini yake ndipo alipoweka kitambaa cheupe, akaanza kukata sanda, vipande vitatu, kama inavyotakiwa kwa mwanamume. Alishona pindo ingawa sanda haishonwi. Nilimwambia hivyo. Akasema ya Sudi itashonwa, mamake ni fundi.

Asubuhi ya safari nilimsindikiza mpaka kwenye lori la jeshi. Akanipa tuzo nimtunzie, lile zimwi la mti, maana hakutaka kumfikia mwanawe ameshika kitu kama kile. "Nikirudi tutakaa matanga ya kweli," aliniambia. "Uje na mkeo."

*

Sehemu ya Pili ilizinduliwa baada ya miezi minne. Milango haikuhitaji kufungwa. Watu walijaa na mikeka yao mpaka barabarani.

Sitaieleza yote. Ni saa mbili, na kweli hakuna zimwi. Karibu na mwisho mpiga picha anafika kwenye ukuta wa ghala la mtama. Mstari uko palepale. Ndani ya nguo zao hamkuwa na watu tena, ni mifupa. Shati la bluu nililitambua kwa mfuko, nikakumbuka kauli ya Mheshimiwa kwamba halikuli likakwisha, na ni kweli, lilikuwa limetuachia shati.

Bi Mashavu anatokea upande wa kushoto. Halii. Anapiga magoti, anakunjua kitambaa cheupe, anafunika kwanza uso, kisha kifua, kisha miguu, na pindo anazipindia chini kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Sauti ya Kanali inasikika, "Lia, mama. Lia, tunapiga picha." Yeye anaendelea kupindia. Sauti inasema tena. Halafu anainua uso, anamtazama Kanali kama anayetaka kumwomba anyamaze kidogo.

Picha inayofuata iko palepale, na mstari umeongezeka mtu mmoja. Ameanguka juu ya kitambaa, mkono wake umeshika pindo. Kanali alitaka mwigizaji asiyepiga chafya, na alimpata.

Waziri, aliyekaa mbele yangu, alimwinamia Kanali sikioni. "Hicho kitambaa kinaharibu. Kinamficha mwigizaji wetu bora."

"Tulijaribu kukitoa, Mheshimiwa," Kanali akajibu. "Mkono haukuachia."

Nyuma yetu ukumbi ulikuwa umesimama. Mwuza mkaa ndiye aliyeanza kumuaga kwa jina, Bi Mashavu binti Kombo, na watu wakaitikia. Nikawasha kurunzi nihesabu, kama sheria inavyotaka. Uso mmoja nikauhesabu mara tatu, mwingine nikaupita. Mwishowe nikaizima.

Fomu lazima ijazwe. Waliocheka, hakuna. Waliopiga makofi, wawili, wa safu ya mbele. Kwa waliolia nilihesabu viti vyote vilivyobaki, nikaongeza na changu.